Kampala hadi Bukoba: basi la moja kwa moja au gari za kuunga?

Mwanangu wa kike anasoma chuo Kampala, na dada yangu kaolewa Bukoba. Kwa ajili yao njia ya Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania, nimeshaipita kwa basi la moja kwa moja na kwa gari za kuunga, yaani kubadilisha gari mji kwa mji, usiku na mchana. Kina mama wenzangu wa hapa Unguja wenye watoto vyuoni Uganda hunisimamisha sokoni Mwanakwerekwe kuniuliza: ukishamuona mtoto, Bukoba unafikaje? Jawabu langu ni moja. Unga gari, na uziunge mchana. Naandika kwa urefu kwa sababu wauza tiketi wa Kampala watakwambia kinyume, na mgeni huwaamini.

Kwanza mjue urefu wake. Kampala hadi Masaka ni kiasi cha kilomita 130. Masaka hadi Mutukula mpakani, kupitia Kyotera, ni kama 90. Mutukula hadi Bukoba ni kama 80. Jumla kilomita 300 hivi, lami mwanzo hadi mwisho. Sisi ambao kisiwa chetu, Nungwi hadi Kizimkazi, hakifiki kilomita 90, safari hii hutuchosha kuliko tunavyodhani, khasa wenye maumivu ya magoti.

Basi la moja kwa moja lina sifa yake, siwezi kuificha: unapanda Kampala, unashuka Bukoba, mzigo uko buti. Hicho ndicho kilichonivuta safari ya mwanzo. Tiketi iliandikwa saa tisa alasiri. Tuliondoka baada ya Isha. Muda wote huo tumekaa garini, basi linasubiri mizigo: magodoro, mabeseni, katoni za sabuni, vinapandishwa juu mpaka gari likalalia ubavu mmoja. Niliposhuka kunyoosha miguu nikaliona lilivyoinama, moyo ulinienda mbio. Sisi tuliokuwa hapa tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, tukaamkia kutafuta majina ya watu wetu, hatuna haja ya kufundishwa chombo kilichozidiwa kinafanana vipi. Nilimwambia kondakta. Akanijibu kuwa ndivyo wanavyopakia siku zote.

Barabara ya Masaka ni ya malori. Usiku yanakuja mbele yako mfululizo na taa kali, na madereva wa mabasi wanayapita kwa haraka ya kufidia muda walioupoteza stendini. Sikulala. Mutukula tulifika usiku wa manane, kila mtu akashuka na mizigo yake, watoto wanalia, baridi inapenya baibui. Kijana mmoja karatasi zake zilikuwa na kasoro, basi zima likamsubiri. Maafisa walikuwa wastaarabu na walifanya kazi yao. Ila ndiyo hali ya basi: watu hamsini mnapita mpakani kwa mwendo wa yule mwenye tatizo kubwa kuliko wote. Alfajiri ikatukuta barabarani. Nikaomba tusimame tusali japo dakika chache, nikaambiwa dereva amechelewa. Nikasali nimekaa kitini, na kwa kweli hilo liliniuma kuliko uchovu wote.

Sasa gari za kuunga. Uganda zile basi ndogo wanaziita teksi, na kisheria zinachukua abiria 14. Toka nyumbani mara tu baada ya sala ya Alfajiri, kabla ya foleni ya Kampala haijasimama pale Busega ambapo barabara ya Masaka inaanzia. Panda teksi ya Masaka. Kabla hujakaa, hesabu viti, kisha hesabu vichwa. Ukiona kondakta anapachika ubao katikati ili aongeze mtu, shuka upande nyingine. Asubuhi hazikosekani, na zinajaa upesi. Hapo ndipo gari za kuunga zinapolishinda basi: chombo hukukipenda, unakiacha. Basi ukishalikatia tiketi na mzigo uko buti chini ya magodoro ya watu, huna la kufanya.

Kiswahili chako usikitegemee sana stendini Kampala. Baraza la mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na vijana wanajitahidi, lakini pale wanaitana kwa Kiganda. Mwanangu ndiye anayeniongoza. Ukiwa peke yako, taja mji tu: Masaka, Kyotera, Mutukula. Watakushika mkono mpaka kwenye gari. Mimi kwa baibui langu huitwa Hajati, na huwa naitikia kwa dua, maana Makka sijajaaliwa bado.

Mchana hii njia ni nzuri kweli. Kayabwe unavuka mstari wa Ikweta, wageni wanapiga picha pembeni. Baadaye kidogo barabara inaingia kwenye ardhi oevu ya Lwera, maji na mafunjo kulia na kushoto, na hapo wapo wauza samaki wa ziwani. Mtu anasimamisha gari, anamnunua sangara au sato, kisha hamweki ndani. Anamfunga kwa kamba mbele ya gari, kwenye bampa, apigwe na upepo asiharibike mpaka afike nyumbani. Sisi tuliokulia soko la samaki Malindi tunajua barafu na chumvi. Samaki anayesafiri nje ya gari sikupata kumuona kwengine. Mbele kidogo ni Lukaya. Gari likisimama tu, vijana wanalizingira na vijiti vya nyama na kuku wa kuchoma na ndizi zilizoiva za kuchoma, wanaviingiza madirishani mpaka karibu na uso wako. Mimi hununua ndizi. Kuku simgusi mpaka nijue nani kachinja, na wauzaji wenyewe ukiwauliza kwa upole hukujibu bila kinyongo.

Masaka unashuka, unapumzika kwelikweli. Misikiti ipo, vyoo vya kulipia vipo, chai ipo. Kutoka hapo ama unapata teksi ya Mutukula moja kwa moja, au unakwenda Kyotera na kubadilisha tena. Ipatikane ya moja kwa moja ni bora, kwa sababu kila ukibadilisha unabeba mikoba. Na hili ndilo sharti kubwa la njia hii: mzigo wako uwe ule unaoweza kuubeba mwenyewe. Begi moja la mgongoni na mfuko wa zawadi. Mwenye masanduku matatu atateseka.

Mpakani, someni hapa vizuri, kwa sababu ndipo Wazanzibari wengi hukwama. Kitambulisho cha Mzanzibari hakikuvushi. Kenya, Uganda na Rwanda wananchi wao wanapita kwa vitambulisho baina yao, lakini sisi wa Tanzania tunahitaji pasi, au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Ichukueni hapa hapa Unguja kabla hamjaondoka. Jambo la pili ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Uganda wanaitaka, na unaporudi Tanzania ukitokea Uganda unaulizwa tena. Chanjo lazima iwe imepita siku 10 tangu uchomwe ndipo kadi ihesabike, kwa hiyo msiende kuchanja siku mbili kabla ya safari. Ukishachanjwa basi, tangu mwaka 2016 kadi inakubalika kwa maisha yako yote, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka kumi. Itieni ndani ya pasi.

Mutukula ni kituo cha pamoja, kilizinduliwa rasmi Novemba 2017. Maana yake ni kwamba muhuri wa kutoka na wa kuingia unagongwa kwenye jengo moja, lile la nchi unayoingia. Ukitoka Uganda, usihangaike kupanga foleni upande wa Uganda. Tembea kwa miguu uvuke, uingie jengo la Tanzania, maafisa wa nchi zote mbili wako humo dirisha kwa dirisha. Mchana, na begi langu moja, nilimaliza haraka mpaka mwanangu akashangaa. Nje watakufuata vijana wenye vibunda vya noti mkononi. Shilingi ya Uganda thamani yake ni ndogo kuliko yetu, na noti zote ni za maelfu, kwa hiyo macho yanachanganyikiwa upesi. Badilisha fedha kwenye duka la fedha Kampala, pale mpakani ubadilishe vichenji tu vilivyobaki.

Upande wa kwetu ukishavuka, roho inatulia. Gari za Bukoba zinaita kwa Kiswahili, unajadili nauli mwenyewe. Unapita Bunazi, kisha daraja la Kyaka juu ya mto Kagera. Mwanangu nilimuonesha pale: mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera daraja la Kyaka lilivunjwa, na vijana wa kutoka pande zote za nchi, Unguja na Pemba wamo, walikwenda vitani. Ukilipita usiku ndani ya basi hujui hata kama umevuka mto. Baada ya hapo ni migomba na mibuni mpaka ziwa litokeze chini yako, na unaingia Bukoba alasiri jua lingali juu, dada yangu kaniwekea ndizi na sato wa nazi. Nazi namchukulia mimi kutoka Unguja, maana za huko ni ghali na hazina tui.

Watu wa visiwani huniuliza pia kuhusu meli, na mimi mwenyewe nilianza kwa kuuliza meli. Ziwa moja, Kampala iko upande mmoja na Bukoba upande mwengine, kwa nini tuzunguke nchi kavu? Mimi meli ya abiria ya kunitoa Port Bell hadi Bukoba sikuipata, na kila niliyemuuliza alinielekeza barabarani. Meli ya watu wa Bukoba ni ile ya Mwanza, MV Victoria, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa. Mwenye safari ya kuendelea Mwanza aifikirie. Inakwenda usiku na unalala. Lakini aangalie mzigo na idadi ya watu kama tunavyopaswa kuangalia hapa bandarini Malindi. Wenyeji wa Bukoba hawajaisahau MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza na mamia ya watu. Shemeji yangu akiizungumzia, nami nikimueleza ya Nungwi, hatuhitaji kufafanuliana.

Ndege sikuipanda na siipendekezi kwa safari hii. Njia niliyotajiwa ni Entebbe hadi Dar es Salaam, kisha Dar hadi Bukoba. Unarudi karibu na nyumbani ndipo uende ulikokuwa umekaribia, na kwa bei hiyo unasomesha mtoto muhula.

Gari ya kukodi ina watu wake. Nilipokwenda na mama yangu mzazi, ambaye hawezi kupanda na kushuka teksi, tulikodi gari kutoka Kampala hadi Mutukula tu, tukavuka taratibu nimemshika mkono, na shemeji akatupokea na gari upande wa pili. Msikubali kukodi gari ya Uganda ikupeleke mpaka Bukoba bila kuhakikisha ina karatasi za kuvuka mpaka. Dereva anaweza kukuahidi asubuhi, mkafika mpakani mkaambiwa gari haipiti, na fedha umeshalipa yote. Lipa nusu, nusu ulipe mkifika.

Nauli sizitaji kwa sababu zinapanda kila sikukuu, Krismasi na Idd zaidi. Nilipojumlisha za kuunga, zilipishana na ya basi kwa kiasi kidogo, na tofauti hiyo naitoa kwa moyo mweupe.

Kurudi Kampala ni vile vile kinyume chake, ila toka Bukoba mapema zaidi. Ukichelewa, foleni ya kuingia Kampala jioni inakula saa nzima au zaidi, na teksi ya mwisho ya Masaka haiko tayari kukusubiri. Kituo cha pamoja sasa ni jengo la Uganda, unavuka kwanza ndipo ugonge mihuri yote miwili. Kadi ya manjano usiizamishe chini ya begi, utaulizwa tena uwanja wa ndege ukitua Unguja.

Basi la moja kwa moja namwachia mfanyabiashara mwenye mafurushi, ambaye hawezi kuyahamisha mara tatu. Huyo nae nampa rai moja: atafute linaloondoka asubuhi, alizunguke kabla ya kukata tiketi, na akiliona limelalia ubavu, asipande.