TAHADHARI: Picha ni ya kreni kamili, boksi lina kreni tupu. Wanunuzi wa modeli za kreni Mtwara na Lindi, someni kabla ya kutuma pesa

Wadau wa modeli za kreni, kuanzia Lindi mjini, Mikindani, Mtwara mpaka Masasi: kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp akiuza kreni za skeli ya 1:50 (zilizopunguzwa mara 50 kuliko kreni halisi) kwa bei ya kuvutia mno. Jina lake halitajwi hapa, na kulitaja kusingesaidia, kwa sababu akaunti na laini hubadilishwa kila malalamiko yanapoanza. Mtindo wake ndio haubadiliki. Ukiujua utamtambua kwa namba yoyote atakayokuja nayo, na utawatambua pia wanaomwiga.

Mtindo wenyewe uko hivi. Anaweka picha ya kreni kubwa ya matairi, mara nyingi Liebherr LTM 11200-9.1, ile ya ekseli 9 inayobeba mpaka tani 1,200, ambayo NZG ya Ujerumani imeitengenezea modeli. Kwenye picha bumu, yaani mkono mkuu unaorefuka, limetolewa lote, juu yake kuna mkono wa nyongeza wa latisi (wa vyuma vyembamba vilivyounganishwa kama wavu), nyaya za pembeni zimekazwa, kauntaweti, yaani uzito wa kusawazisha, zimepangwa nyuma hadi juu na ndoano kubwa inaning'inia. Bei iliyoandikwa chini ni ya kreni tupu: gari, bumu na kauntaweti chache. Ukimuuliza kama ndiyo hiyo ya kwenye picha, atakujibu "ndiyo yenyewe bosi, orijino kabisa". Unatuma pesa, boksi linafika, halafu ndipo biashara yake ya kweli inapoanza. Anakuletea bei ya mkono wa nyongeza, bei ya nyaya, bei ya ndoano, bei ya kauntaweti zilizobaki, kimoja kimoja, na kila kimoja unalipia kabla. Vikija haviingii, au ni plastiki iliyopakwa rangi. Vingine haviji kabisa. Mnunuzi ameshazama kiasi kwamba anaona bora aendelee kuliko kubaki na kreni isiyo na mkono, na hapo ndipo muuzaji anapopata faida yake.

Kreni na vifaa vyake vya nyongeza ni manunuzi mawili. Hata viwanda vyenyewe huuza baadhi ya modeli kwa mafungu, kreni kwenye boksi moja na mkono au kauntaweti za ziada kwenye boksi jingine, kila boksi na namba yake ya katalogi. Kwa hiyo swali la "ndiyo hii?" halikulindi. Mwambie akuandikie, kwa maandishi na si kwa sauti, namba ya katalogi iliyo kwenye boksi na idadi ya kila kipande kilichomo: kauntaweti ngapi, ndoano ngapi na kila moja ina makapi mangapi (magurudumu madogo ya kupitishia uzi), vipande vingapi vya mkono na urefu wake kwa milimita, mifuko mingapi ya pini na skrubu, na kama kitabu cha maelekezo kipo. Mwenye mzigo mkononi anaijaza orodha hiyo bila shida. Asiye nao ataanza kukukasirikia.

Kisha omba picha za povu gumu jeupe la ndani ya boksi, kila ngazi kivyake, boksi likiwa wazi. Kila kipande kimechongewa shimo la umbo lake, hivyo shimo lililo tupu ni kipande kilichopotea au kilichouzwa kwa mtu mwingine. Picha hii moja inafichua mengi kuliko maswali kumi. Usikubali jibu kwamba boksi limefungwa kwa nailoni na kulifungua ni kulishusha thamani, kwa sababu nailoni ya kufungia kwa joto inapatikana kwa fundi yeyote wa vifungashio.

Skeli nayo inachezewa. Vitu vya kuchezea vya 1:55 vinauzwa kama modeli za 1:50, na kwenye picha huwezi kuona tofauti. Ukivipanga na modeli yako halisi ndipo unaona kabati zima limepinda. Pima upana wa gari. LTM 11200-9.1 halisi ina upana wa mita 3, kwa hiyo modeli ya 1:50 iwe milimita 60. Ya 1:55 itakuwa milimita 54 na nusu. Kwa kreni za bandari, pima kontena linalokuja nalo, maana kontena halibadiliki dunia nzima, na hapa kwetu kila anayesafirisha korosho analijua. Upana wake ni mita 2.44, lile la futi 40 lina urefu wa mita 12.19. Kwa 1:50 unapata milimita 49 kwa 244. Kwa 1:87 ni 28 kwa 140. Mwambie aweke rula kando ya kontena apige picha kutoka juu, sio kwa pembe.

Sasa chuma na plastiki, na hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Muuzaji huyu hutoa video akiweka sumaku kwenye modeli ya mwenzake, sumaku inateleza, anasema "mnaona, ya huyu ni feki". Ni uongo. Modeli nyingi za chuma humiminwa kwa zamaki, aloi ya zinki, na zamaki haishikwi na sumaku. Shaba nyeupe na shaba nyekundu hazishikwi pia. Kipimo cha kweli ni mizani. Ukipunguza kitu mara 50 kwa urefu, upana na kimo, ujazo wake unapungua mara 125,000. Kauntaweti ya chuma ya tani 10 kwenye kreni halisi ingekuwa na gramu 80 kwenye modeli kama ingekuwa ya chuma hicho hicho. Kwa zamaki ni kama gramu 68. Kwa plastiki haifiki 12. Baadhi zina uwazi chini, kwa hiyo gramu 50 isikutie hofu. Gramu 11 ni plastiki, hakuna ubishi. Mizani ya jikoni inatosha, apime kipande kimoja mbele ya kamera.

Suala hili si la urembo. Bumu la LTM 11200-9.1 lina urefu wa mita 100, yaani mita 2 kwenye modeli. Kitu cha mita 2 kinachosimama juu ya gari la upana wa milimita 60 kinategemea miguu iliyotolewa yote na uzito wa nyuma. Ukiweka kauntaweti za plastiki, bumu likilala nyuzi chache tu kreni inabinuka kwa mbele, na kwa kawaida kinachovunjika ni ncha ya bumu na kichwa cha mkono wa nyongeza, vipande ambavyo ni vigumu kuvipata peke yake.

Mikono ya latisi inayouzwa kama nyongeza ya "chuma" mara nyingi imechapishwa kwa mashine ya 3D. Kuchapisha si kosa, na mafundi wazuri wanaochapisha wapo. Kosa ni kuiuza kwa bei ya chuma na kwa jina la kiwanda. PLA, plastiki inayotumika sana kuchapishia, utaitambua kwa mistari midogo ya tabaka ukiinamisha kipande kwenye mwanga, hasa kwenye vyuma vya mshazari. Huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi za Sentigredi, joto ambalo dashibodi ya gari lililofungwa vioo juani huweza kulifikia. Hata bila jua, kipande kinachovutwa na nyaya siku zote hupinda polepole, na baada ya muda mkono unakuwa kama upinde. Ile ya resini haina mistari, lakini ni kavu na hukatika kwenye tundu la pini mara ya kwanza unapokaza.

Na kuingia? Vipande vya latisi vya viwanda viwili haviunganiki eti kwa sababu tu vyote ni vya 1:50 na vya kreni ileile. Kila kiwanda kina upana wake kati ya nguzo za pembeni, unene wake wa pini, na namna yake ya kuweka masikio ya kuunganishia. Kabla ya kulipia kipande chochote cha nyongeza, pima cha kwako kwa kalipa, kipimo cha kubana kinachosoma milimita: upana wa nje wa nguzo juu na chini, kipenyo cha tundu la pini, upana wa sikio. Tofauti ya nusu milimita kwenye pini inatosha kukuzuia. Usikubali ushauri wa kutoboa tundu kubwa zaidi, kwa sababu sikio la zamaki ni jembamba na hupasuka. Urefu nao uulize kwa milimita: kipande cha mita 6 kiwe 120, cha mita 12 kiwe 240.

Uzi ni jambo dogo ambalo huyu bwana analigeuza kuwa bidhaa. Anauza "waya maalumu" mita 3. Piga hesabu: bumu la mita 2, ndoano iliyofungwa njia 8 (uzi ukipanda na kushuka mara 8), ikishushwa mpaka chini inakula mita 16, ongeza mita 2 za kupanda bumu na mizunguko ya kubaki kwenye pipa la kuviringishia uzi. Mita 20 ndiyo unayohitaji, na ni uzi wa kusukwa, sio wa kushonea uliosokotwa, maana huo hujifungua na ndoano inazunguka yenyewe. Mshipi wa nailoni wa kuvulia pia haufai. Unashika mikunjo na haulali kwenye makapi.

Kwa modeli zilizotumika, omba video ya bumu likiwa limetolewa lote na kusimamishwa kwa dakika tano bila kukata. Sehemu za bumu na silinda kwenye modeli nyingi hushikwa na msuguano tu. Zikichakaa, bumu linajishukia lenyewe. Angalia matairi: mpira laini wa PVC ukikaa muda mrefu ukigusa povu jeupe, povu huyeyuka na kuganda kwenye tairi. Na hewa yetu ya chumvi hushika kutu kwanza pini na ekseli za chuma, hivyo omba picha ya chini ya gari. Ukiona mwili wa zamaki una nyufa nyembamba kama utando, au milango imevimba haifungi, acha kabisa. Hiyo ni aloi iliyochanganyika na risasi wakati wa kumiminwa. Unyevu huiharakisha na haina tiba.

Bei. Modeli kubwa za aina hii huko Ulaya huuzwa kwa mamia ya euro kabla ya usafiri na ushuru. Tangazo la shilingi 180,000 kwa kreni ya ekseli 9 pamoja na mkono wake wote halina hesabu. Kama bajeti ndiyo hiyo, chukua kreni ndogo ya ekseli 3 au 4 iliyokamilika, bumu tu, na ndoano yake. Inapendeza kwenye meza kuliko jitu la ekseli 9 lisilo na mkono. Ukianza kuongeza, anza na kauntaweti na ndoano, kisha mkono. Kreni za latisi zinazotembea kwa cheni badala ya matairi ziache mpaka uwe na uhakika wa chanzo cha vipande, kwa sababu kukosa kipande kimoja cha kati ni kukosa kreni nzima.

Kuhusu usafirishaji, mzigo wake siku zote "uko Dar". Dai stakabadhi ya ofisi ya basi yenye namba ya kifurushi, kisha pigia ofisi yenyewe kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, sio aliyokupa yeye. Tangu mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kusini eneo la Somanga, Mei 2024, "barabara imekatika" imekuwa jibu lake kila mzigo usipofika. Piga stendi uulize kama mabasi yameingia leo.

Kama anasema mzigo umeshikwa forodhani na unatakiwa kutuma ada ya kugomboa kwenye namba ya simu ya mtu, simama hapo hapo. Malipo ya serikali yana kumbukumbu namba ya malipo, na hayaingii kwenye laini ya mtu binafsi. Usimpe picha ya kitambulisho cha NIDA "kwa ajili ya kugomboa". Kama ulishampa, piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kabla ya kuthibitisha muamala wowote soma jina linalotokea. Likitofautiana na la muuzaji na akakwambia ni la shemeji yake, ghairi.

Kwa aliyekwisha kutuma: piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, namba 100, dakika hiyo hiyo uombe muamala urudishwe, maana pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kurudisha. Namba yake itume kwenda 15040. Nenda polisi ukafungue jalada upewe RB. Udanganyifu wa mtandaoni unaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Beba meseji za muamala, tangazo lake la kwanza pamoja na picha, ile orodha ya vipande kama aliiandika, na boksi jinsi lilivyofika na povu lake. Usimblock wala usifute mazungumzo mpaka uwe umeyapiga picha yote, kwa sababu yeye akifuta ujumbe upande wake, wa kwako nao unaweza kutoweka.