Majukwaa ya Kufundishia Sayansi Shule ya Msingi: Lipi Linastahili Fedha ya Shule?

Mwalimu mkuu anayetaka jukwaa la kufundishia sayansi kuanzia Darasa la III ajiulize mambo mawili kabla ya kuuliza bei: je, litafanya kazi bando likiisha, na je, mtoto anayesoma kwa Kiswahili atalielewa? Nimepanga nafasi hizi nikizingatia shule ya serikali ya Tanzania. Shule za mchepuo wa Kiingereza zinaweza kupanga vingine.

Nafasi ya kwanza naipa PhET, mkusanyiko wa majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ni bure, baadhi ya majaribio yametafsiriwa kwa Kiswahili, na kila jaribio linaweza kupakuliwa kama faili moja linalofunguka bila intaneti, hata kwenye vishikwambi ambavyo walimu wengi walipewa baada ya Sensa ya 2022. Katika jaribio la sakiti, mwanafunzi huburuta betri, nyaya na glopu hadi glopu iwake. Akiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, betri huwaka moto kwenye skrini, jambo ambalo hakuna mwalimu angethubutu kulionyesha mezani. Upungufu wake ni kwamba mada za viumbe hai ni chache, na majaribio kadhaa yanawafaa zaidi wanafunzi wa sekondari. Betri za tochi na glopu halisi bado zinahitajika darasani.

Kolibri, programu ya kusomea bila intaneti kutoka shirika la Learning Equality, inafuata. Programu yenyewe ni bure. Maudhui hupakuliwa mara moja penye mtandao, kisha kompyuta moja, hata kuukuu, huyasambaza darasani kwa Wi-Fi ya ndani. Fedha ya shule huenda kwenye ruta na projekta, vitu vinavyobaki kuwa mali ya shule. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maudhui iko kwa Kiingereza, hivyo mwalimu hana budi kuyapitia mapema.

Ubongo Kids, katuni ya Kitanzania iliyoanza kurushwa mwaka 2014, inafaa kufungulia kipindi, lakini haifuati mpangilio wa muhtasari. Iambatanishwe na vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Mwisho naweka programu za kulipia kwa kila mwanafunzi, kwa sababu gharama hujirudia kila muhula na malipo yakikoma shule hubaki mikono mitupu. Ukishawishika, mwombe muuzaji azime data mbele yako kisha afungue mada moja ya Darasa la V, na akueleze kwa maandishi taarifa za watoto zinahifadhiwa wapi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaigusa shule pia.