Uzoefu wangu na duveti la chini ya hamoki kwenye baridi na upepo

Naandika hii kwa ajili ya mtu yeyote anayelala kwenye hamoki, kile kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili, na kila asubuhi anaamka mgongo umekufa ganzi kwa baridi. Mimi nimeteseka hivyo misimu miwili mizima. Juu nimejifunika vizuri kabisa, slipingi begi (mfuko wa kulalia) nene, soksi za sufu, boshori hadi masikioni, kifua kina joto zuri tu, ila mgongo na makalio kama nimelalia barafu. Nikawa nadhani slipingi begi ni jepesi, nikanunua nene zaidi, wapi! Baridi ile ile.

Usiku ulionifungua macho tulikuwa juu kwenye kilima, kipimo kinasoma nyuzi 5, sio baridi ya kutisha, lakini upepo ulikuwa unapiga bila kupumzika. Saa nane usiku nikashuka nikaanza kuzunguka zunguka miti ili damu ichemke, meno yanagongana, na wenzangu waliolala chini kwenye hema wanakoroma. Baadaye ndo nikaelewa kwamba upepo wa kilomita 30 kwa saa kwenye nyuzi 5, ngozi iliyo wazi inausikia kama nyuzi 0 hivi, na mtu wa kwenye hamoki upepo huo unampita juu na chini, hana hata ardhi ya kumkinga upande mmoja.

Tatizo lenyewe ni hili. Kinachotupa joto sio manyoya wala pamba, ni hewa iliyonaswa humo ndani. Ukilalia slipingi begi uzito wako unalibana, manyoya yanakuwa bapa kama karatasi, hewa hakuna, kwa hiyo joto hakuna. Ndo maana hata ununue begi la gharama gani, sehemu ya chini haikusaidii kitu. Duveti la chini lenyewe linaning'inia nje ya hamoki, hulilalii, linabaki limeumuka vile vile huku limekumbatia mgongo kwa nje.

Basi nikaagiza moja. La manyoya ya bata, refu kutoka mabegani hadi miguuni, uzito nusu kilo na ushee, muuzaji anasema linahimili hadi nyuzi -7. Linafungwa kwa lastiki mbili zinazopita pembeni hadi kwenye ncha za hamoki, unazinasa na karabina ndogo (kulabu yenye kilango kinachojifunga), kazi ya dakika mbili.

Usiku wa kwanza nikapata baridi. Nilivunjika moyo, nikaanza kufikiria kulirudisha. Ila kabla sijalala tena nikapitisha mkono kwa pembeni, kati ya kitambaa cha hamoki na lile duveti, na pale chini ya kiuno mkono mzima ukapita bila kugusa popote, kiganja kinapigwa na upepo kabisa! Yaani kulikuwa na mwanya, na hewa yangu ya moto yote ilikuwa inatokea hapo. Nikakaza lastiki kidogo, nikalala tena, nikapitisha mkono, nikakaza tena. Mara ya tatu nikasikia duveti limegusa mgongo kwa upole bila kuusukuma, na ndani ya dakika kama kumi joto likaanza kupanda kutoka chini taratibu. Sikuamini. Nililala hadi kunakucha.

Kosa la pili nililifanya safari iliyofuata, nikakaza mno nikidhani ndo bora zaidi, kumbe ukikaza sana manyoya yanabanwa na unarudi pale pale kwenye kubanana kwa slipingi begi. Kwa hiyo liguse tu, lisisukume. Kama uko na mwenzako mwambie apitishe mkono wewe ukiwa umeshalala, kwa sababu bila uzito wako ndani huwezi kujua chochote. Na zile kamba za mwishoni mwa duveti, upande wa kichwa na wa miguu, zivute hadi kitambaa kikusanyike na kuziba, la sivyo upepo unaingia upande mmoja unatokea wa pili. Hata hamoki yenyewe isivutwe kama uzi wa gitaa, mimi kamba zangu naziacha ziteremke kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, nalala kwa mshazari kidogo, mgongo unanyooka na duveti linakaa vizuri.

Sasa upepo. Hapa naomba tuelewane vizuri maana watu wengi watalilaumu duveti bure. Kitambaa chake ni chepesi sana, upepo mkali unapenya. Duveti halizuii upepo, turubai linalofungwa juu ya hamoki ndo linazuia. Mimi nalifunga ubavu wake ukitazama upepo unakotoka, upande huo nalishusha hadi linakaribia kugusa ardhi, na vigingi navipigilia kwelikweli. Siku niliyoliacha juu juu ili nione nyota nililala na koti. Pia mabondeni kando ya mto usiku hewa baridi inatuama, panda juu kidogo, tafuta miti iliyosongamana, ila angalia juu kwanza kama hakuna tawi kavu.

Malalamiko yangu ni mawili. Lastiki zilizokuja nalo zimelegea baada ya safari chache, ikawa kila saa kadhaa duveti linateremka na mwanya unarudi, nikaenda kununua lastiki nene mwenyewe. Kwa kitu cha bei ile hilo limeniuma, na muuzaji nilimwandikia hakunijibu. La pili ni unyevu. Ukungu ulishuka usiku mmoja, sehemu ya chini ikalowa, manyoya yakagandamana na kusinyaa, na kulikausha ilichukua karibu siku nzima juani. Kama unakokwenda ni kwa mvua na ukungu mwingi chukua la sintetiki, ni zito zaidi na linachukua nafasi kwenye begi lakini likilowa kidogo haliishiwi nguvu kama la manyoya.

Vitu vidogo ninavyofanya pamoja nalo: chupa ya plastiki ngumu ya lita 1 ya maji ya moto, kifuniko nimekikagua mara mbili, naivalisha soksi naiweka katikati ya mapaja. Nakula kitu chenye mafuta kabla ya kulala. Haja ndogo naimaliza kabla sijapanda, na nikibanwa usiku naamka, sijikazi. Pumzi siipulizi ndani ya slipingi begi hata pua ikiganda, maana ule mvuke unalowesha kila kitu.

Kama hela haijatosha, mkeka wa sponji ndani ya hamoki utakuvusha, mimi nilianzia hapo. Unateleza, unatoa jasho, mabega yanabaki nje, lakini haupitishi upepo kabisa. Hadi leo nabeba kipande chake cha kuweka mabegani pale hamoki inapobana. Duveti nalipa nyota nne, ya tano naibakiza kwa ajili ya zile lastiki.