Volan ilikuwa inatetemeka nikikanyaga freni: vile nilitumia garaji mbili hapa Bukavu

Naandika hii juu nimeteseka na hii shida karibu mwaka muzima, na kama mutu angenielezea mapema ningeponesha franga zangu.

Gari yangu ni RAV4 ya 2003, volan ku mukono ya kuume, moja ya zile zinapitiaka Dar es Salaam. Nakaa Nguba lakini kila wiki mbili nashukaka Kamanyola kuona mama mukwe wangu na kupandisha muchele, sasa wenye kujua ile njia banajua Ngomo ni nini, mulima huku, shimo kule, na ukishuka mguu hautokake ku freni. Ilianza siku moja niko ku njia ya Kavumu, naenda kama 70, nikakanyaga freni na volan ikaanza kucheza kushoto kuume mu mikono yangu. Nikiachilia freni, inatulia kabisa. Hii kitu mukamate vizuri, juu volan ikitetemeka hata bila freni, ukifika 80 ao 100, hapo mara mingi ni pine hazina ekilibraji, ni shida ingine.

Garaji ya kwanza, shefu hakupanda hata mu gari. Alisimama tu ku mulango akasema diski zimepindika na joto ya Ngomo, wakaweka diski mbili mupya na plakete za mbele (zile zinabanaka diski ukikanyaga freni), dola 150. Nitasema kweli yote: gari ilitoka pale nzuri kabisa, nilifurahi. Kisha miezi tatu ikaanza tena kidogo kidogo, mwezi wa ine ikawa ileile. Nikarudi, wakaniambia ninunue diski zingine za marki ingine. Nilikataa. Diski ya miezi tatu ipindike namna gani, na mie nilikuwa nashuka polepole?

Mama moja jirani mwenye Noah njo alinituma kwa fundi moja wa Panzi. "Papa, yule hasemake mingi lakini anapimaka," ndio maneno yake. Na kweli. Yule fundi aliniuliza kwanza: inatetemeka ku volan ao ku kiti na pedali? Ku volan, njo mbele. Ku kiti na pedali peke yake, angalia nyuma. Akauliza tena ni nani alifunga pine mara ya mwisho. Nikasema ni kwado (fundi wa kuziba pine) wa barabarani, yule mwenye kuweka tuyo ku kle na kupanda juu yake na miguu. Akatikisa tu kichwa, akachukua gari akaenda kuijaribu yeye mwenyewe.

Kurudi, akatoa pine, akafunga diski na nati bila pine, akaweka komparatori (ile saa ndogo yenye sindano na sumaku) ikagusa diski, akaizungusha na mukono. Kushoto sindano ikatembea santiemu 14, maana yake 0.14 ya milimita. Kuume 0.05. Akaniambia ikipita 0.05 hapendi. Akatoa ile diski ya kushoto na hapo njo niliona kwa macho yangu: ku muwaye, ile chuma yenye diski inakaliaka, kulikuwa ganda ya kutu. Wale wa kwanza walilaza diski mupya juu ya kutu! Akasugua na brosi ya chuma na papiye ya kusugulia karibu nusu saa, akarudisha diski, akapima: 0.04.

Na alinielezea kwa nini ilikuwa inakaa nzuri kisha inarudi. Diski ikikaa upande kidogo, kila ikizunguka inagusa plakete pahali pamoja hata kama haukanyage freni. Unatembea, unatembea, kisha kilometa elfu ngapi pale panakuwa pembamba kuliko pengine. Sasa ukikanyaga, plakete inapita ku nene, ku pembamba, ku nene, na mikono yako inasikia ku volan. Kwa hiyo diski haikupindika hata kidogo. Na ile tuyo ya kwado inasaidia mubaya, juu nati moja inakazwa sana na ingine kidogo, diski inavutwa upande.

Tulikuta pia pini moja ya etriye (ile yenye kusukuma plakete ku diski) imekamata, plakete ya ndani imeisha zaidi ya ya inje. Akaisafisha, akapakaa grese ya freni, hapana ile ya kawaida, juu ile inavimbisha kauchu. Diski zote mbili zikaenda kwa turneri (mwenye mashini ya kukata chuma) wa Kadutu, zikakatwa kidogo, zilibaki juu ya kipimo cha mwisho chenye kimeandikwa ku diski yenyewe. Kumalizia akafunga nati kwa musalaba (moja, kisha ile yenye kuangaliana nayo) na kle dinamometriki (ile inapimaka nguvu ya kukaza), niutoni-mita 103 kila moja, na akaniambia nitafute njia ya tambarare, nitoke 60 mpaka 10, mara kumi, bila kusimama kabisa, kisha nitembee bila freni ipoe. Ukisimama na plakete ya moto inaachaka alama ku diski.

Yote dola 55, turneri ndani. Yenye sikupenda: nililala bila gari juu kuran ilikatika kwa turneri, hakuna pa kukaa, na hatoi fakitire mpaka umuombe mara mbili. Lakini ningemurudilia kesho.

Sasa ni miezi sita, Ngomo nashuka na vitesi ya pili, freni nagusa na kuachilia, na volan imetulia. Mwezi uliopita pine ilitoboka Nyangezi, kwado akaleta tuyo yake, nikamuomba: ndugu yangu, funga na mukono tu, kwa musalaba. Aliniangalia sana. Kufika Bukavu nikapitia Panzi, fundi akakaza zote 103, hakuniomba hata franga.