Kuhama Mtandao Mkubwa wa Kijamii: Uzoefu Wangu na Nostr, Bluesky na Mastodon

Mimi huandika habari za Ziwa Viktoria nikiwa Kisumu: magugu maji yanakoelekea, bei ya omena na mbuta ufuoni Dunga, na upepo unaowazuia wavuvi kutoka. Habari za namna hii huchacha upesi. Magugu yakiziba njia ya mashua alfajiri, tangazo linalomfikia mwenye mashua siku mbili baadaye halimfai kitu, na hivyo ndivyo ilivyokuwa katika mtandao mkubwa nilioutumia kwa miaka mingi, ambako mitambo ndiyo iliyoamua nani aone nini na lini, huku matangazo ya biashara yakiwekwa mbele ya maneno ya watu waliochaguana wenyewe.

Nilipoamua kuhama, nilitanguliza swali moja: mwenye mtandao akibadilisha masharti au akiufunga, nitaondoka na nini mkononi? Tangu mwaka 2011 Mkenya anaweza kuhama kampuni ya simu na kubaki na nambari yake ileile, nami nilitaka haki kama hiyo juu ya wafuasi wangu.

Kati ya mitandao mitatu niliyoitazama, Nostr ndiyo inayolijibu swali hilo kwa ukamilifu zaidi. Humo hakuna kampuni inayokutunzia akaunti. Utambulisho wako ni jozi ya funguo, yaani misimbo miwili mirefu, mmoja wa siri na mwingine wa hadharani, na ujumbe hupitia seva zozote unazozichagua, yaani kompyuta zinazohifadhi na kupeleka ujumbe. Hata hivyo, ufunguo wa siri ukipotea hakuna awezaye kukurudishia, na nisingeweza kuwashauri watu wanaofanya kazi majini, ambao simu zao huzama, wategemee utaratibu huo. Niliiacha.

Bluesky, iliyoanza kama mradi wa Twitter mwaka 2019, ikawa kampuni inayojitegemea, kisha ikafungua milango kwa kila mtu Februari 2024, ndiyo rahisi kuliko zote kwa mgeni. Unaweza kutumia anwani ya tovuti yako mwenyewe kuwa jina la akaunti, unaweza kuchagua mpangilio wa habari uliotengenezwa na watumiaji wengine, na itifaki yake, yaani kanuni za kiufundi zinazouendesha mtandao, inaruhusu akaunti kuhamia seva nyingine pamoja na wafuasi na machapisho. Tatizo ni kwamba akaunti zilizo nyingi mno bado zimo katika seva za kampuni hiyo moja, nami sikuona busara ya kutoka chini ya kampuni moja ili nikategemee nyingine, hata kama mlango wa kutokea umeachwa wazi.

Niliyoichagua ni Mastodon, ambayo Eugen Rochko aliianzisha nchini Ujerumani mwaka 2016. Ukurasa wa nyumbani hupanga machapisho kwa kufuata saa yalipoandikwa, la karibuni likiwa juu, na kwa kazi yangu sifa hiyo peke yake ilitosha kunivuta. Mastodon si mtandao wa kampuni moja, bali ni seva nyingi zinazojitegemea na kuwasiliana, na mtu hufungua akaunti katika mojawapo. Kazi ngumu ni kuchagua seva, kwa kuwa kila moja ina mwenyewe, kanuni zake na mfuko wake. Wengi hukata tamaa hapo au huchukua ya kwanza wanayoiona, lakini mimi naamini ndipo panapostahili muda zaidi kuliko pengine pote. Nilisoma kanuni za seva kadhaa, nikatafuta ni nani anayeziendesha na gharama zinalipwa na nani. Seva zinazoorodheshwa katika tovuti rasmi ya mradi huwa zimeahidi kutunza nakala za akiba kila siku, kuwa na zaidi ya mtu mmoja anayeweza kuingia katika mitambo wakati wa dharura, na kutoa notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kufunga. Sikutazama yoyote isiyofikia kiwango hicho. Niliyoichukua huendeshwa kwa michango ya watumiaji, nami huichangia, kwa kuwa umeme na mitambo hulipiwa hata pale ambapo hakuna matangazo.

Kasoro zake si ndogo. Ujumbe wa faragha haukufichwa kwa msimbo tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo msimamizi wa seva ana uwezo wa kuusoma, na mambo ya siri hayapaswi kuandikwa humo. Utafutaji nao ni dhaifu, kwa sababu seva huonyesha tu yale yaliyokwisha kuifikia. Ndiyo maana kila chapisho langu hubeba alama ya reli yenye jina la ziwa au la ufuo. Wasomaji walioko Bluesky hunipata kupitia Bridgy Fed, huduma inayounganisha mitandao hiyo miwili kwa ridhaa ya mwenye akaunti. Wavuvi wengi hawana akaunti popote pale, lakini chapisho la hadharani hufunguka bila kujisajili, kwa hiyo kiungo kinachotumwa katika kundi lao la WhatsApp kinatosha.

Jambo moja anayehama alijue mapema: ukibadilisha seva ya Mastodon, wafuasi huhamishwa lakini machapisho ya zamani hubaki yalikoandikwa, na uhamisho wenyewe lazima uanzishwe seva ya kwanza ikiwa bado inafanya kazi. Kwa hiyo mimi hupakua kumbukumbu zangu na orodha ya ninaowafuata mara kwa mara, na tangazo la kufungwa likitoka nitahama siku hiyohiyo bila kusubiri miezi mitatu iishe.