Tangi la kwanza la maji ya chumvi kwa bajeti ndogo: nunua nini kwanza

Ukifuata miongozo ya Ulaya na Marekani, miongoni mwa vifaa vya mwanzo kununua ni hita. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hiyo ni fedha iliyopotea. Huku pwani samaki wa tangini huuawa na joto, na umeme kukatika, na chumvi inayopanda bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo nimepanga vifaa kwa kipimo kimoja tu: kipi kikikosekana, samaki atakufa mapema zaidi.

Nazungumzia tangi la samaki na mawe, bila matumbawe hai. Bei hubadilika kila mzigo mpya unapoingia, basi nitasema tu kipi ghali na kipi nafuu.

1. Kipimo cha chumvi

Hiki ndicho cha kwanza, kabla hata ya tangi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, na samaki hawezi kuvumilia kipimo hicho kikiyumba kila siku.

Chaguo bora ni rifraktomita ya mkononi. Unadondosha tone la maji kwenye kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga, unasoma. Si ya bei ya kutisha, na ukiitunza itadumu miaka. Inunue pamoja na kichupa cha maji ya kusawazishia ya kipimo cha 35, maana rifraktomita za bei nafuu zinaweza kusoma sawasawa kwenye sifuri na bado zikakosea huku juu tunakokutaka. Nafasi ya pili naipa haidromita ya kioo inayoelea: ni sahihi, ila huvunjika upesi. Ya mwisho ni ile ya plastiki yenye mshale. Viputo vya hewa hung'ang'ania mshale, nao unapanda na kukudanganya.

Pamoja na hiyo, nunua vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati, yaani mabaki ya uchafu wa samaki yanayoweza kumdhuru. Karatasi za kuchovya ni nafuu zaidi lakini hazisomeki vizuri.

2. Maji yenyewe

Mkazi wa pwani ana bahati ambayo mwenzake wa Nairobi, Dodoma au Kampala hana: maji ya bahari. Kwa bajeti ndogo nayaweka ya kwanza, kwa masharti. Yachotwe maji yakiwa yamejaa, hasa siku za bamvua, mbali na bandari na midomo ya mito. Kwa Dar es Salaam usichote karibu na mto Msimbazi unapoingilia baharini. Masika na siku za baada ya mvua kubwa acha kabisa, kwa sababu maji ya ufukweni hupungua chumvi na kubeba uchafu wa mji. Ukimpata mvuvi anayetoka nje ya mwamba, mpe madumu safi yaliyowahi kubeba maji ya kunywa tu. Dumu lililobeba mafuta halifai hata ukilisugua vipi. Ukifika nyumbani chuja kwa kitambaa, weka pampu ya hewa, funika, yakae gizani wiki mbili hivi, kisha pima.

La pili, ambalo kwa watu wa bara ndilo la kwanza, ni chumvi maalumu ya akwariamu ikichanganywa na maji yaliyosafishwa. Lita moja huhitaji takriban gramu 36 hadi 38, kutegemea aina ya chumvi. Maji ya bomba yana klorini na mara nyingine madini yanayokuza mwani. Mtambo wa kusafishia wa nyumbani ni ghali. Anza na maduka yanayojaza madumu ya lita 20, na beba mita ndogo ya TDS (hupima madini na chumvi zilizoyeyuka majini) uyapime papo hapo. Ikisoma karibu na sifuri, chukua. Maji ya mvua yaliyopita kwenye mabati usiyatumie, yanaweza kuwa na zinki.

Chumvi ya jikoni haimo kwenye orodha hii. Hata ile ya mashamba ya chumvi ya pwani haifai peke yake: maji yanapokauka, sehemu kubwa ya kalsiamu hutangulia kutuama, magnesiamu hubaki kwenye maji ya mwisho yanayomwagwa, na kinachovunwa ni sodiamu kloraidi karibu tupu.

3. Tangi

Wengi hununua dogo wakidhani ndilo rahisi. Hesabu inakataa. Lita moja ikikauka kwenye tangi la lita 20, chumvi inapanda kutoka 35 hadi karibu 37 kwa siku moja. Lita hiyo hiyo ikikauka kwenye lita 110, kipimo kinasogea hadi 35.3 tu.

Chaguo langu la kwanza ni tangi la kutengenezwa na fundi vioo, sentimita 80 kwa 40 kwa 40. Likijaa ni lita 128. Ukitoa mawe na nafasi ya juu zinabaki kama 110. Mwambie fundi atumie silikoni ya akwariamu isiyo na dawa ya kuvu, kwani ile ya bafuni huwa na sumu. La pili ni tangi lililotumika. Likague maungio, lijaze maji nje kwa siku mbili, na muulize mwenye nalo kama aliwahi kutia dawa ya shaba. Mabaki ya shaba huua kamba na konokono. Seti za dukani zenye kila kitu nazipa nafasi ya mwisho: unalipia taa nzuri na umbo, huku kichujio kikiwa dhaifu.

Stendi isibahatishwe. Tangi hili likishajaa maji na mawe linapita kilo 140.

4. Kupooza, na umeme ukikatika

Samaki wengi wa miamba wanastawi kwenye nyuzijoto 24 hadi 27. Februari chumba cha Dar kinapita 30 mchana, na maji ya joto hushika oksijeni kidogo. Mashine ya kupozea maji inaweza kugharimu kuliko vifaa vingine vyote kwa jumla, basi iache. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 hadi 4. Toa kifuniko cha kioo, weka wavu ili samaki wasiruke nje. Feni huongeza ukaukaji, kwa hiyo kila siku jazia maji yasiyo na chumvi yaliyosafishwa. Usijazie ya chumvi, maana kinachokauka ni maji tu na chumvi yote imebaki humo.

Arusha na Nairobi mambo yanageuka: usiku wa Julai ni baridi, na huko hita ya wati 100 inahitajika kweli.

Umeme ukikatika, oksijeni inaweza kwisha kwa saa chache. Pampu ya hewa inayotumia waya wa kuchajia simu na powerbank ni nafuu mno kwa kazi inayofanya, na ningeinunua kabla ya taa yoyote. Waya wote uning'inie chini kidogo ya soketi ndipo upande, tone likitiririka lidondokee sakafuni.

5. Mawe, kichujio na mzunguko

Mawe ndiyo nyumba ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Usiyatoe baharini. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na ndani ya hifadhi za bahari kama Mafia, Malindi na Watamu kuyachukua ni kosa. Kwetu pwani kuna mbadala mzuri: mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu kwa ujenzi. Chagua yenye matundu mengi, yasiyoguswa na saruji wala rangi, loweka wiki kadhaa ukibadilisha maji. Kilo 10 hadi 15 zinatosha.

Ongeza kichujio cha sponji na pampu moja ya kusukuma maji, ya lita 1,000 hivi kwa saa. Skima ya protini (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) si lazima kwa ukubwa huu ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki.

Viwezavyo kusubiri: taa za matumbawe (taa yoyote ya LED inatosha kuona samaki), mchanga, taa ya UV, na dawa za chupa.

Kila kitu kikishafungwa, tia kipande cha nyama ya kamba kioze humo na uanze kupima. Amonia na nitriti hupanda kisha kushuka hadi sifuri, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Hapo ndipo ununue samaki, wawili wadogo tu. Wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, waliozalishwa tangini, ndio wastahimilivu. Samaki aitwaye kangaja anapendeza sana, lakini anahitaji tangi kubwa mara tatu ya hili. Mwombe muuzaji amlishe samaki mbele yako, na asiyekula mwache palepale.