Redio za upepo kwa vikosi vya uokoaji: anza kwa kukagua tundu la maiki

Miaka miwili iliyopita nilikabidhiwa kazi ya kuchagua redio za upepo za kikosi chetu cha waokoaji wa kujitolea, nikaifanya kwa bidii yote, na nikakosea. Nilinunua redio 24. Nilikuwa nimelinganisha nguvu ya kurusha mawimbi, muda wa betri, uzito, idadi ya chaneli na kiwango cha kuhimili maji, nikatengeneza jedwali refu ambalo kila mjumbe wa kamati alilisifu. Jambo moja halikuwamo katika jedwali lile, nalo ni namna maiki ya bega, ile inayovaliwa begani ikiwa na spika ndani yake, inavyoshikamana na redio yenyewe. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya jambo hilo, kwa sababu sijakutana na muuzaji anayelitaja kabla hajaulizwa, na kwa sababu nusura litugharimu mtu.

Ilikuwa usiku, tukimtafuta mvuvi kando ya mto uliofurika. Mwenzetu mmoja alikuwa ametangulia hadi ukingo wa chini, na maji yalipoanza kupanda tulimwita arudi. Tulimwita mara saba bila jibu, ikabidi mtu amfuate kwa miguu gizani. Alimkuta mzima, akiendelea kumulika vichakani, akishangaa kwa nini anafuatwa, kwa maana redio yake ilikuwa imewaka, taa ya kijani inapepesa, chaneli ni ileile, na sauti alikuwa ameipandisha hadi mwisho. Tuliporudi kambini niliiweka redio ile mezani, nikaifuta matope na kuitazama kwa tochi. Plagi ya maiki ilikuwa imechomoka kiasi cha unene wa ukucha. Niliisukuma kwa kidole gumba, ikaingia, na papo hapo sauti ya mwenzetu aliyekuwa zamu ya langoni ikajaa chumbani.

Kilichotokea kina maelezo rahisi. Redio nyingi za bei ya chini na ya kati hutumia plagi ya pini mbili, moja ya milimita 2.5 na nyingine ya milimita 3.5, ambazo hushikiliwa na msuguano peke yake. Ndani ya tundu kuna kibati chembamba cha chuma ambacho pini inapoingia hukisukuma pembeni, na kwa kukisukuma huikata spika ya ndani ya redio ili sauti yote iende kwenye maiki ya bega. Pini ikirudi nyuma kidogo, kibati hubaki kimesukumwa ilhali mguso wa kupeleka sauti kwenye maiki umekwisha kupotea. Hapo redio haina spika ya ndani wala ya nje, inapokea kila neno na haitoi hata moja, na hakuna taa wala mlio wa kumwonya aliyeivaa.

Ubaya wa pili wa plagi hiyo ni kinyume cha ukimya. Katika mfumo huo, redio hutambua kwamba kitufe cha kuzungumzia kimebonyezwa pale waya mmoja unapogusana na waya wa ardhi. Maji yakipenya kati ya pini, hasa maji ya chumvi au yenye matope, yanaweza kufanya kazi ya kidole. Redio huanza kurusha yenyewe, chaneli inashikwa, na kikosi kizima kinabaki kusikiliza mtu akihema na nguo zikikwaruza maiki. Kuna kikomo cha muda wa kurusha, ambacho mara nyingi huwekwa sekunde 60, lakini kikomo hicho humkatiza anayerusha kwa zamu ile tu, na unyevu unaokuja na kutoka huweza kuianzisha upya. Sisi tulipoteza chaneli yetu kuu kwa namna hiyo mara mbili katika msimu mmoja wa mvua.

Msomaji anaweza kusema kwamba redio zangu zilikuwa na kiwango cha IP67, yaani zinahimili kuzamishwa katika maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Ni kweli, zilikuwa nacho. Kiwango hicho hupimwa kwa maji safi na kwa redio iliyofungwa vifuniko vyake vyote. Siku unapofungua kifuniko cha mpira cha ubavuni ili uchomeke maiki, umefungua mlango uliokuwa umefungwa wakati wa kupima, na kinachouziba sasa ni plagi, ambayo huenda haina mpira wowote wa kuzibia. Maiki nayo ni kifaa kinachojitegemea, chenye kiwango chake, au kisicho na kiwango chochote. Kwa mwokoaji ambaye havui maiki yake zamu nzima, namba iliyoandikwa kwenye boksi la redio haimwambii mengi.

Kwa hiyo, kabla hujaangalia kitu kingine, omba redio moja pamoja na maiki ileile utakayouziwa, uifanyie majaribio haya kwa mikono yako. Ivute plagi taratibu hadi itoke milimita mbili huku mwenzako akizungumza kwenye redio nyingine, usikilize kama spika ya ndani inarudi. Ishike maiki, uiache redio ining'inie kwa waya wake, kisha uitikise kama inavyotikiswa kiunoni mwa mtu anayepanda ngazi. Vaa glavu zako za kazi ujaribu kuichomeka na kuichomoa. Mwisho, mimina maji juu ya kiungio huku maiki ikiwa imeunganishwa, na uiache redio iwake kwa saa moja kwenye chaneli isiyotumika. Muuzaji akikataa jaribio hilo la maji ilhali anatangaza redio isiyopitisha maji, umekwisha kupata jibu.

Unachotafuta ni kiungio chenye migusano mingi midogo, bapa, iliyo juu ya ubavu wa redio badala ya matundu yanayoingia ndani, chenye mpira wa kuzibia kuzunguka ukingo na skrubu ya kukaza kwa vidole. Skrubu ndiyo inayonihusu kuliko yote. Iliyokazwa haitoki kwa kuvutwa, na ikilegea unaiona au unaigusa unapokagua vifaa kabla ya kutoka.

Mambo mengine nitayapitia kwa haraka. Muda wa betri unaotangazwa kwa kawaida hukokotolewa kwa kanuni ya 5-5-90, yaani asilimia 5 ya muda kurusha, asilimia 5 kupokea na asilimia 90 kukaa kimya. Kwenye tukio lenye harakati hakuna kiongozi wa kikosi anayekaa kimya asilimia 90, basi panga betri ya akiba kwa kila redio. Kuhusu analogi na kidijitali, kumbuka kwamba mfumo wa kidijitali huichambua sauti na kuijenga upya, na unaweza kuchanganywa na kelele. Shirika la serikali ya Marekani liitwalo NTIA lilichapisha mwaka 2008 majaribio ya usikivu wa redio katika kelele za kazi ya zimamoto, na katika baadhi ya kelele hizo analogi ilieleweka vizuri zaidi. Redio yoyote utakayochukua iwe na uwezo wa kurudi kwenye analogi.

Sasa upangaji wangu, na sitaficha ninakoegemea. Ya kwanza kwangu ni Motorola ya familia ya DP4000e, ambayo Amerika Kaskazini hujulikana kwa jina la XPR 7000e, na ndani ya familia hiyo ninachagua DP4401e isiyo na kioo. Kiungio chake ni cha migusano bapa na skrubu, na ndicho kipimo ambacho ninavipimia vingine vyote. Inatumia DMR, mfumo wa kidijitali ambao hugawa chaneli moja ya kilohezi 12.5 katika nafasi mbili za mazungumzo, na inafanya kazi kwa analogi vilevile. Wengi hutaka kioo na vitufe vya namba, lakini mwokoaji aliyelowa hasomi majina ya chaneli. Anageuza kirungu cha juu na kuhesabu migoto yake kwa vidole. Chaneli 32 zinatosha kikosi chochote nilichowahi kukiona. Mfumo wa IMPRES, ambamo betri na chaja huwasiliana, unasaidia pia kujua betri ipi imechoka kabla haijakuzimikia kazini. Nimeivaa redio hii misimu miwili ya mvua, na maiki yake haijawahi kunyamaza bila sababu ninayoijua.

Ya pili ni Kenwood ya mfululizo wa NX-5000. Nayo ina kiungio cha migusano mingi kinachokazwa kwa skrubu, na ina sifa ambayo Motorola niliyoitaja haina, kwamba imetengenezwa kwa mifumo mitatu ya kidijitali, yaani P25, NXDN na DMR. Kama kikosi chako hukutana kazini na zimamoto wanaotumia mfumo mmoja na polisi wanaotumia mwingine, hii inaweza kustahili nafasi ya kwanza. Mimi naiweka ya pili kwa sababu kikosi kidogo kinalipia uwezo ambao hakitautumia, na kwa sababu kadiri mpangilio wa redio unavyokuwa na mambo mengi ndivyo makosa ya kuupanga yanavyoongezeka.

Ya tatu ni Hytera ya mfululizo wa PD7, ambayo kwa upande wa kiungio haina aibu. Mnunuzi ajue hata hivyo kwamba mwaka 2020 baraza la mahakama nchini Marekani liliamua kwamba kampuni hiyo ilitumia siri za kibiashara za Motorola, na kwamba mwaka 2021 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliiweka kwenye orodha ya watengenezaji ambao vifaa vyao vinahesabiwa kuwa hatari kwa usalama wa taifa. Hayo hayaifanyi redio isikike vibaya, ila kikosi kinachofadhiliwa na mashirika ya nje kiulize mapema kama fedha hizo zinaruhusiwa kuinunua.

TETRA, mfumo wa redio za kidijitali unaotegemea mtandao uliokwisha kujengwa, siipangi katika orodha hii, kwa sababu huichagui wewe. Hukuchagulia aliyejenga mtandao. Ukijiunga na mtandao huo, uliza unatumia kanuni gani ya usimbaji, yaani ya kuficha mazungumzo, kwa kuwa mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba mojawapo ya kanuni hizo, TEA1, ilikuwa imedhoofishwa kwa makusudi kiasi cha kuvunjika kwa kompyuta ya kawaida.

Kuhusu Baofeng UV-5R na jamaa zake nina maneno machache. Zina plagi ileile ya pini mbili niliyoieleza, na mtu anaweza kubadilisha masafa kwa kubonyeza vitufe bila kukusudia akiwa kazini. Zisitegemewe pale ambapo ukimya wa redio unaweza kumaanisha mtu kuzama.

Lililobaki ni la wauzaji, na hapa nina uchungu ambao haujapoa. Picha za redio karibu zote hupigwa kutoka mbele, hivyo ubavu wenye kiungio hauonekani. Maonyesho hufanyika ofisini, kwenye meza kavu, bila maiki. Bei unayopewa kwanza huwa haina maiki, na unapoiulizia unawekewa katika kifurushi maiki ya mtengenezaji mwingine, yenye plagi inayofanana, isiyojaribiwa na redio hiyo. Ndivyo ilivyotokea kwetu. Nilipomrudia aliyetuuzia nikiwa na redio ile na maiki yake mkononi, aliniambia kwamba dhamana ni ya redio, na redio haina kasoro. Kwa maandishi alikuwa sahihi, maana mkataba niliousaini mwenyewe haukuitaja maiki.

Kisha likaja la pili. Tulipotaka kufupisha kikomo cha muda wa kurusha hadi sekunde 30, ili redio iliyoingia maji isitushikie chaneli kwa muda mrefu, tukakuta faili la mpangilio limefungwa kwa nywila ambayo hatukupewa. Ilibidi redio zote 24 zirudishwe na tulipie kila moja, kwa badiliko ambalo mtu mwenye kompyuta na waya wake angelifanya kwa dakika chache. Redio ni yetu, kibali cha masafa ni chetu, na bado hatukuwa na mamlaka ya kubadilisha namba moja ndani yake. Nimeona pia redio ambazo uwezo fulani umo tayari ndani lakini hufunguliwa kwa leseni inayouzwa peke yake, na leseni hiyo haitajwi hadi siku unapoihitaji.

Kwa hiyo ombi langu la bei sasa lina vifungu vinne vya lazima. Maiki itajwe kwa namba yake ya bidhaa na kiwango chake cha IP, kikiwa kimepimwa ikiwa imeunganishwa na redio. Dhamana iitaje maiki pamoja na kiungio. Faili la mpangilio na nywila yake vikabidhiwe siku ya kupokea mzigo, pamoja na orodha ya leseni zilizofunguliwa. Na mipira ya kuzibia na skrubu za akiba ziwemo ndani ya boksi, moja kwa kila redio. Zile redio 24 za mwanzo bado tunazo, ila zimevuliwa maiki na zinatumika langoni na stoo, mahali ambapo asiyejibu anaweza kufuatwa kwa hatua ishirini.